Uzi Mwekundu Begani

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri, lakini Fundi Pindo alikwisha kuvaa tangu saa sita, akaketi ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari. Binti yake alipofika, alikuta madirisha yamefungwa, cherehani imefunikwa shuka, na mama amekasirika.

"Umechelewa."

"Mama, tulisema saa nane. Hii hapa saa nane kasorobo."

"Saa nane ni ya wageni. Mimi na wewe tukisema saa nane, ni saa saba na nusu."

Binti alimbusu shavuni, akanusa. "Leo umejipulizia marashi."

"Yamenimwagikia."

"Shingoni? Na nyuma ya masikio?"

"Yalimwagika vibaya. Twende."

Binti huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimwita Breki. Gari la kufundishia lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, naye alikuwa ameikanyaga hiyo ya mwalimu kwa miaka tisa, hata mguu wake wa kulia ukaanza kujiamulia mambo. Akiwa mezani anakula, mtu akisema neno la hatari, mguu unakanyaga sakafu. Mama yake alilisikia jina hilo mara moja tu akalikubali. "Ndilo nililopaswa kukupa siku ile ile wodini," alisema.

Walipotoka nje, gari lilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vioo. Breki akasimama kizingitini, akafanya kile alichofanya kila Jumapili. Wanafunzi wapya aliwapima macho kwa kuwasomesha namba ya gari lililo hatua ishirini mbele, na tangu mwaka uliopita alikuwa akimpima na mama yake, kwa mzaha.

"Haya, mwanafunzi. Soma namba."

Fundi Pindo alitazama ng'ambo. Aliona doa jeupe. Huenda lilikuwa gari, huenda lilikuwa ukuta, huenda lilikuwa ng'ombe. Akakohoa kidogo, akaitoa namba yote kwa pumzi moja, tarakimu na herufi, bila kusita. Namba hiyo aliisoma zamani kwa kidole, siku alipojifanya anafuta vumbi kwenye kibao cha gari, na tangu siku hiyo ilikaa kichwani mwake kama dua.

"Vizuri," alisema Breki, akilitazama gari, kisha akamshika mkono kumvusha barabara.

"Unanishikia nini? Mimi mtoto?"

"Nashikilia mkoba wako, Mama. Mkono umekuja nao."

*

Ukungu ulikuwa umeanza miezi tisa nyuma. Kwanza Fundi Pindo alilaumu balbu, akanunua nyingine. Kisha alilaumu nyuzi, kwamba siku hizi wanatengeneza nyembamba mno. Kisha akaacha kulaumu, akaanza kushona kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa na miaka thelathini na minne kazini. Vilijua pindo kwa kuligusa, vilijua kitambaa kilichokatwa mshazari na kilichokatwa wima, na wateja walizidi kusema kwamba hakuna mwenye mkono kama wake. Hawakukosea. Mkono ndio ulikuwa umebaki.

Hakumwambia mtu, na hasa hakumwambia Breki. Alikwisha kuona yaliyompata fundi redio, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mzee wa watu aliwaambia wanawe kwamba mikono inamtetemeka kidogo asubuhi. Kidogo tu, na asubuhi tu. Mwezi haukuisha, wanawe wakauza vifaa vyake vyote, wakamhamishia kwao, wakamkalisha sebuleni mbele ya televisheni kama chungu cha maua. Wakammwagilia chai saa kumi. Fundi Pindo alikwenda kumtazama mara moja, hakurudia. Yule mzee alimshika mkono mlangoni akamnong'oneza, "Wangu walikuwa na nia njema, mama. Nia njema kabisa."

Basi hiyo ndiyo hofu aliyokuwa nayo. Hakuogopa giza sana. Aliogopa nia njema ya mwanawe.

*

Ukumbi wa maigizo ulikuwa jengo la zamani lenye viti vya mahameli iliyochakaa mikononi, feni kubwa darini, na harufu ya nta ya sakafu. Kikundi cha waigizaji kilikuwa kimemshonesha Fundi Pindo mavazi sita ya mchezo huu, kikampa na tiketi mbili za shukrani.

Mwanamke aliyeshika tochi mlangoni aliwatazama kuanzia viatu. "Ghorofani," alisema. "Safu za nyuma."

"Dada, hujazisoma tiketi," alisema Breki.

Mwanamke akamulika tiketi. Akazimulika tena. "Safu ya pili," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Piteni."

"Safu ya pili?" Fundi Pindo alimvuta binti yake mkono. "Tulipewa za juu. Umefanya nini?"

"Nimebadilisha."

"Kwa nini? Sisi wazazi wa bwana harusi?"

"Nilitaka tu uone vizuri, Mama."

Fundi Pindo aliitafuta safu kwa mkono. Alikaa, akakipapasa kiti, akavuta uzi uliolegea pembeni ya mto wake. "Huyu aliyeshona hapa alikuwa na haraka ya kwenda kula," alisema. Kisha akampa Breki karatasi waliyopewa mlangoni. "Nisomee. Miwani nimeiacha."

"Miwani gani? Wewe huna miwani."

"Ndiyo hiyo niliyoiacha. Soma."

Breki akasoma. Bibi harusi ni fulani, mjomba ni fulani, bwana harusi ni fulani. Anayewasha taa, anayepiga ngoma, anayepanga viti.

"Mpaka wa viti wamemwandika?"

"Wamemwandika."

"Na nguo?"

Mguu wa Breki ukakanyaga sakafu. Kisha akasoma kwa sauti iliyonyooka: "Mavazi yote yameshonwa na Fundi Pindo."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa kuliko za mjomba."

Mama akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mkobani pamoja na kitambulisho chake. Kisha akakaa wima zaidi, na kilemba chake kikapanda juu.

"Samahani, mama," ilisema sauti ya mwanamke nyuma yao. "Hicho kilemba. Sikuja hapa kuangalia kitambaa."

"Ungekiangalia. Ni kizuri."

"Mama," alisema Breki.

"Nakishusha, nakishusha. Watu wengine hawapendi kuelimika."

*

Pazia lilipofunguka, Fundi Pindo aliona mwanga, na ndani ya mwanga, madoa yanayotembea. Doa la buluu lilikuwa mjomba. Madoa mawili ya manjano yalikuwa mashangazi. Doa jeupe, refu, lilikuwa bibi harusi. Lakini masikio yake yaliona mengi. Aliisikia satini ya gauni ikisugua sakafu, akajua pindo limekaa sawa, halivuti wala haliburuzi. Alisikia koti la mjomba likikwaruza kola, akajua yule bwana amenenepa tangu siku ya kupimwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha. Familia mbili zinagombana ni nani atakayetangulia mlangoni siku ya harusi, upande wa bibi au upande wa bwana, na wanagombana hadi chakula kinapoa na bwana harusi analala kitini. Mjomba aliposema, "Sisi tulitangulia hata kuzaliwa!" ukumbi mzima uliangua kicheko, na Fundi Pindo akacheka hadi akalazimika kujifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Breki akamwegemea begani. Mama na mwana walikuwa hawajacheka pamoja hivyo muda mrefu. Jumapili zao zilikuwa zimejaa maswali. Umekula? Umelala? Mbona mlango haukufungwa? Hapa gizani hapakuwa na maswali. Fundi Pindo aliwaza kwamba angeweza kukaa hivi mwaka mzima, binti yake ananukia sabuni na petroli, na watu wazima wanagombania mlango.

"Halafu, Mama," Breki alinong'ona, "ule urembo wa begani nimeupenda. Sikujua siku hizi unatia nakshi."

"Urembo gani?"

"Wa bibi harusi. Uzi mwekundu. Bega la kushoto, umezunguka mkono wote. Kwenye weupe ule unatokea vizuri kweli."

Kicheko kilimkauka Fundi Pindo mdomoni.

Katika kazi yake palikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja. Kabla ya kushona kwa mashine, alishikiza vipande kwa mkono, mishono mirefu ya muda tu, inayoitwa bandi. Na bandi yake ilikuwa ya uzi mwekundu daima, hata kwenye nguo nyekundu, ambako alitumia mwekundu uliokolea zaidi. Maana ya uzi mwekundu ilikuwa moja: kazi haijaisha. Ukishona kwa mashine, unauchomoa. Nguo yenye uzi mwekundu haitoki mlangoni.

Na hii ilikuwa imetoka.

Aliirudisha kichwani haraka haraka ile Alhamisi aliyomalizia gauni. Gauni lilikuwa limegeuzwa, ndani nje. Alishona mkono mmoja, umeme ukakatika, kikundi kikapiga simu kwamba wako njiani. Umeme uliporudi aligeuza gauni nje, akaupapasa mkono uliobaki, akakuta umeshonwa, akashukuru. Sasa alielewa. Alipoligeuza gauni, kushoto kulihamia kulia. Alikuwa ameupapasa mkono ule ule mara mbili. Mtu mwenye macho angeona wekundu tangu mlangoni.

"Mama? Mbona umenikamata hivyo?"

"Huo si urembo," alisema Fundi Pindo kwa sauti ya chini. "Hiyo ni bandi. Mkono wa kushoto haujashonwa."

"Haujashonwa kivipi? Si umekaa?"

"Umekaa kwa sababu bibi harusi amekaa. Mwisho wa mchezo atanyanyua mikono yote miwili juu azunguke mara tatu. Alinionyesha mwenyewe siku ya kupima, alikaribia kuniangushia pasi. Akinyanyua, mkono utang'oka. Utamwangukia kiganjani kama soksi, mbele ya watu mia tatu."

Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu. Kisha akauliza taratibu, "Lakini Mama, tuko safu ya pili. Wewe hukuuona?"

"Mapumziko ni saa ngapi?"

"Mama."

"Nimeuliza mapumziko."

*

Mapumziko yalikuwa dakika kumi na tano. Taa zilipowaka tu, Fundi Pindo alikwisha kusimama, akakanyaga mguu wa mwanamke wa nyuma aliyekuwa akipita, akamwambia pole bila kugeuka. Breki akamwongoza kwa kiwiko kupitia ujia wa pembeni hadi kwenye mlango mdogo. Hapo alisimama mwanamume mwenye orodha.

"Huku ni waigizaji tu."

"Mimi ndiye niliyewavisha," alisema Fundi Pindo. "Nguo moja ina hitilafu. Nina dakika kumi na tatu, usinile mbili."

Mwanamume akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mshonaji hayumo."

"Basi orodha yako ni mbovu. Nimeandikwa kwenye karatasi yenu wenyewe, kwa herufi kubwa." Akafungua mkoba, akaikunjua ile karatasi mara nne, akamsogezea puani. "Haya. Soma hapo chini, mavazi."

Mwanamume alisoma. Aligeuza upande wa pili. Alikuwa mtu mstaarabu, ndiyo maana ilimchukua muda kusema. "Mama yangu, hapa hakuna neno mavazi."

Fundi Pindo alibaki ameinyoosha ile karatasi. Kwa muda wote wa miezi tisa hakuwahi kujiona kipofu kama pale, ameshika mbele ya mgeni kitu asichokijua. Akamgeukia binti yake. Uso hakuuona vizuri, lakini alisikia kiatu kikikanyaga sakafu.

"Breki."

"Halimo, Mama."

"Wewe ulinisomea."

"Nilisoma kilichopaswa kuandikwa."

Yangeweza kusemwa mengi, na siku nyingine yangesemwa yote. Lakini muda ulikuwa unakimbia. Fundi Pindo akaikunja karatasi, akajaza mapafu, akapiga ukelele juu ya kichwa cha yule mwanamume: "Bibi harusi! We bibi harusi! Ni Fundi Pindo! Popote ulipo, usinyanyue mkono!"

Ndani kitu kilianguka. Kisha sauti ya msichana ikajibu, kwa hofu, "Sijanyanyua!"

Wakaruhusiwa kupita.

*

Chumba cha kuvalia kilikuwa na vioo virefu vilivyozungukwa na balbu. Mwanga ule ulimmaliza kabisa Fundi Pindo; kila balbu ilimpasukia machoni kama kitunguu. Alitoa sindano, ambayo haikosi kwenye kola yake hata siku za mazishi, na kibonge cha uzi mweupe. Bibi harusi akasimama mbele yake, mkono umeganda kiunoni.

"Dakika tisa," alisema msimamizi wa jukwaa, mtu mrefu mwenye kipenga shingoni.

Fundi Pindo alilamba uzi, akaupeleka kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akaulamba tena. Ukapita pembeni upande wa pili. Nyumbani alikuwa na ujanja wake, sindano ameichomeka kwenye sabuni na kidole kinafuata, kazi ya dakika tano na hakuna anayemtazama. Hapa mashangazi wawili, mjomba na bwana harusi walikuwa wamenyamaza wote wakiangalia uzi. Mara ya tatu ukajikunja.

"Nipe, Mama."

"Wewe uliapa ukiwa na miaka kumi na miwili kwamba hutashika sindano maisha yako yote."

"Nimekitangua kiapo. Nipe."

Breki akatunga uzi, mara moja, akamrudishia. Msimamizi wa jukwaa ndiye aliyesema.

"Kumbe haoni? Ina maana tumekuwa tukivaa nguo za mtu asiyeona?"

Chumba kizima kilisikia. Fundi Pindo alihisi masikio yanamwaka. Jambo alilolificha miezi tisa lilikuwa limetupwa sakafuni, na mtu wa kulitupa hata hakumjua. Alivuta pumzi, akaushika mkono wa kulia wa bibi harusi, akaunyoosha kuelekea kwa yule bwana.

"Huu nimeushona bila kuona. Uvute."

"Sina haja ya—"

"Vuta, bwana. Kwa nguvu. Wewe mwanamume."

Akavuta. Bibi harusi akayumba, mkono haukutetereka hata uzi mmoja.

"Sasa, huu wa kushoto sikuushona kabisa. Nilisahau. Hilo ni kosa langu na nimekuja kulirekebisha. Una jingine, au nifanye kazi?"

"Dakika nane," alisema msimamizi, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza.

Akaanza. Vidole vya kushoto vilitangulia kutafuta ukingo wa kitambaa, vya kulia vikafuata na sindano, mshono mfupi, unarudi nyuma nusu, unasonga mbele, mshono usiofumuka hata ukitaka. Lakini satini huteleza, na palepale kwenye mzingo wa bega vidole havikuweza kujua pa kukata kona. Breki akasogeza uso karibu.

"Kushoto kidogo, Mama. Hapo. Nyooka. Unakaribia kona, punguza mwendo. Kata. Kata zaidi. Vizuri, nyoosha usukani."

"Sina usukani."

"Nyoosha sindano basi. Uko ndani ya mstari. Usimguse huyo wa mbele, hiyo ni ngozi yake."

"Amenigusa tayari," alisema bibi harusi.

"Pole, mwanangu. Usipumue kwa bega, pumua kwa tumbo."

Mjomba alicheka kwanza, kisha mashangazi, kisha bibi harusi mwenyewe, akaambiwa kwa pamoja na mama na mwana, "Usicheke!" Mduara ulipofungwa, Fundi Pindo alipiga fundo mara tatu, akakata uzi kwa meno, akatafuta kwa ukucha ncha ya ule uzi mwekundu. Akauvuta. Ukatoka wote kwa mkupuo mmoja, mrefu, akauzungushia kidoleni na kuufumbata.

"Nyanyua."

Bibi harusi akanyanyua mikono yote miwili. Hakuna kilicholia, hakuna kilichotoka.

"Sasa kacheze," alisema Fundi Pindo, "na huyo mjomba mwambieni apunguze mkate, kola inamnyonga."

*

Kipindi cha pili kilianza. Bandi ilikuwa imetoka begani kwa bibi harusi, ikaja kukaa kati yao. Jukwaani familia zilikuwa zimefikia kugombania nani atatangulia kutoka. Watu walicheka. Fundi Pindo hakucheka, kwa kuwa sasa hakukuwa na haja ya kujifanya anaona kinachochekesha.

Baada ya muda aliinama upande wa binti yake.

"Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Kinachotokea. Wewe si una macho."

Breki alimwinamia. Kisha akaweka mdomo karibu na sikio la mama yake, akaanza kumwelezea kwa njia pekee aliyoijua. "Mjomba anakuja kutoka kulia, mwendo wa kasi, haangalii pembeni. Shangazi yuko mbele yake, hajawasha taa ya kukata kona. Wanakutana mlangoni. Wamegongana. Hakuna aliyeumia. Bwana harusi ameegesha kwenye kiti, amelala."

Fundi Pindo alianza kutikisika kwa kicheko.

"Jamani," ilisema sauti ya nyuma, ya yule mwanamke aliyelalamikia kilemba.

"Samahani, dada, tunanyamaza," alisema Breki.

"Sijasema mnyamaze. Nasema paza sauti kidogo. Kilemba kimeshuka, nguzo imebaki, sioni kitu."

Basi Breki akapaza kidogo, akawasomea wote wawili. Ilipofika mwisho, ngoma ikaanza, naye akashika mkono wa mama yake uliofumbata uzi.

"Amewafukuza wote. Amebaki peke yake katikati. Anatazama mlango. Mama, ananyanyua."

"Mikono yote miwili?"

"Yote miwili. Juu kabisa. Anazunguka. Moja."

Fundi Pindo alifumba macho. Aliisikia satini ikijaa upepo.

"Mbili. Umekaa, Mama. Tatu. Umekaa! Umekaa kama umezaliwa naye!"

Makofi yalilipuka. Watu wakasimama, na Breki, akisimama naye, aliendelea kusoma kupitia makelele. "Wanainama. Msimamizi naye ametoka, anainama. Bibi harusi anatutazama. Anashika bega lake, la kushoto. Anakushikia wewe bega, Mama."

"Mwambie ashushe mkono," alisema Fundi Pindo, akijifuta pua kwa kilemba. "Satini inaingia jasho."

*

Nje jua lilikuwa bado lipo, la saa kumi na moja na nusu, la manjano. Walitembea polepole hadi upande ambako Breki alikuwa ameegesha. Hatua ishirini kabla ya gari, Fundi Pindo alisimama.

"Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Unachoniuliza kila Jumapili."

Breki aliachia mkono wake, akasogea kando. "Soma namba, Mama."

Fundi Pindo alitazama. Alitazama kweli safari hii, bila kujisaidia na kumbukumbu. Doa jeupe, na kando yake doa jingine, jeusi.

"Sioni," alisema. Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Sioni namba, sioni gari. Hata wewe nakujua kwa petroli. Ni miezi tisa sasa."

"Asante," alisema Breki.

"Asante ya nini? Nimekudanganya karibu mwaka mzima. Ile namba niliikariri."

"Najua. Lile gari tuliliuza, Mama. Hili ni jipya. Lina miezi minne."

Fundi Pindo aligeuka polepole. "Miezi minne umeniacha nimesimama kizingitini nasoma gari ambalo halipo?"

"Na ulilisoma vizuri. Hukukosea hata tarakimu moja."

"Mwana mwenye adabu angesema!"

"Ningesema, ungenifukuza, halafu ungekwenda kulipapasa na hili. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilibadilisha hadi tiketi tukae mbele nikidhani labda leo." Breki alivuta makamasi. "Kesho saa mbili asubuhi kuna kliniki ya macho. Nimewauliza. Wanasema kwa maelezo yangu huenda ni mtoto wa jicho, na huwa wanamtoa, siku hiyo hiyo unarudi nyumbani."

"Mtoto wa jicho? Mimi nina mtoto mmoja, na ananitosha."

"Mama."

"Kesho nina gauni la mteja."

Kiatu kilikanyaga lami. Fundi Pindo alikisikia, akaliacha gauni. Kisha akasema lile alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo.

"Nikienda huko, wakishindwa, mtaniuzia cherehani?"

"Nani akuuzie?"

"Fundi redio wanawe walikuwa na nia njema."

Breki alikaa muda bila kujibu, na mama yake akamshukuru moyoni kwa kutojibu upesi. "Wakishindwa," alisema mwishowe, "nitakuja Jumamosi na Jumapili nikutungie sindano za wiki nzima. Ishirini, thelathini, nazichomeka ukutani zikiwa tayari. Kona nitakusomea kwa simu. Cherehani haitoki pale mpaka wewe useme."

Fundi Pindo alifungua kiganja. Uzi mwekundu ulikuwa umelowa jasho. Akaunyoosha kwa vidole viwili, akampa binti yake, akasogeza mbele kifungo cha juu cha gauni lake.

"Funga hapa."

"Kwa nini?"

"Chenye uzi mwekundu hakijaisha, wala hakitolewi dukani. Kesho hao wa kliniki wauone. Siku nikisoma namba ya gari lako hili jipya, kweli, kwa macho, utauchomoa."

Breki akainama, akauzungusha uzi kwenye kifungo, akafunga, akafungua, akafunga tena. Magari yalikuwa yanatoka uwanjani moja moja, na yule mwanamke wa nyuma ya nguzo alipita akawapungia mkono, na Breki akapunga kwa niaba ya wote wawili.

"Fundo bovu hilo," alisema Fundi Pindo.

"Umelionaje?"

"Sijaliona. Nakujua."